Nilikwenda Rwamgasa Kumtafuta Doto

Mlionipigia simu, mlionisimamisha sokoni, na nyinyi mliokuja dukani kuulizia nguo zenu ambazo bado hazijashonwa, nawajibu wote kwa pamoja. Nimechoka kusimulia vipande vipande, halafu kila kipande kinanirudia kikiwa kimetiwa chumvi. Ni kweli nilikwenda Rwamgasa. Sikwenda kununua dhahabu wala kumfuata mwanamume. Nilikwenda kwa ajili ya baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshazikwa.

Nyumbani, kabla ya safari

Mzee Hamisi wengi wenu mlimjua kama fundi wa mashine za kusaga. Sisi nyumbani tulimjua pia kama mtu asiyeweza kukaa ndani. Kiangazi kikiingia alikuwa akitafuta mashine iliyoharibika upande wa Mbogwe, na isipokuwepo nadhani alikuwa akiiombea iharibike. Akimaliza kuitengeneza anaingia msituni na wenzake kurina asali, anakaa huko hata wiki kadhaa, kisha anarudi na ndoo ya asali, uyoga uliokaushwa na ndevu za kutisha watoto. Siku ya kwanza nyumbani alikuwa akituogesha mimi na mdogo wangu Idi yeye mwenyewe, anatukata kucha, na Ijumaa anapika pilau huku mama amekaa kwenye mkeka akimkosoa. Hakuwahi kutupiga. Kulikuwa na ndege mmoja wa msituni ambaye baba alimwigiza sauti vizuri kiasi kwamba kuku wetu walikimbia.

Alifariki nyumbani, kitandani kwake, baada ya kuugua muda mrefu. Siku ya mazishi likaja gari la wageni kutoka Kagongwa na Masumbwe. Aliyewatangulia, mzee mmoja mrefu, alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kwamba wamekuja kumzika Baba Kulwa. Wajomba wakamwambia amepotea nyumba. Yule mzee akataja mashine za kusaga, akataja kovu la kidevuni, akataja asali. Hakuwa amepotea.

Sasa, kwetu baba aliitwa Baba Zuhura, na Zuhura ndiye mimi. Kulwa ni jina la pacha anayetangulia kutoka, na anayemfuata huitwa Doto. Kwetu hakuna pacha hata wa kusingizia. Wanawake waliokuwa ndani wakatazamana, halafu wote wakamtazama mama.

Kabla jeneza halijatoka, mama akaulizwa kama kawaida ya Waislamu, je, amemridhia mumewe? Mwanamke husema nimemridhia, watu wanaitika, safari ya kaburini inaanza. Mama alinyamaza. Akaulizwa tena, akasema, "Nitajibu nikishajua." Jeneza likatoka hivyohivyo.

Mama yumo edani, hawezi kwenda popote. Idi aliniambia jambo hilo linamshinda, akarudi kazini kwake. Basi nikabaki mimi. Mama alinituma nikawaone hao watoto, nijue wana umri gani na wanaishi na nani, maana kama ni damu ya Hamisi wana haki yao kwenye mirathi, na yeye ana haki ya kujua alikuwa akimpikia mtu gani. Alisema hayo huku akichambua mchele, bila kuinua macho. Niliogopa kwamba nikirudi na habari mbaya hatamridhia kamwe, na baba atabaki ananing'inia hivyo. Sikumwambia.

Shinyanga hadi Kagongwa

Basi lilipasuka gurudumu baada ya Tinde. Kondakta alituhakikishia kwamba tairi la akiba lipo, na kweli lilikuwepo, ila nalo lilikuwa limepasuka. Tukakaa chini ya kivuli cha basi lenyewe, tukihama kila kivuli kilipohama. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha karanga za kuchemsha alinigawia bila kuniuliza jina, kisha akaniuliza mengine yote. Nikamwambia naenda kuona ndugu. Akauliza ndugu wa upande gani. Nikasema ndiyo naenda kujua. Akaniongezea karanga.

Kagongwa ni mchele. Harufu ya pumba inakupokea kabla hujashuka. Mzee Shija, yule mrefu wa siku ya msiba, nilimkuta mashineni kwake amekaa juu ya magunia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono wa pole kwa muda mrefu na kuniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita hata mtoto wa kike kwa heshima. Kikaletwa chakula, wali na kuku wa kienyeji mgumu aliyestahili kuheshimiwa.

Tatizo langu lilikuwa namna ya kuuliza. Mtoto wa kike hamwulizi mzee mambo ya babaye ya chumbani. Huwezi kusema, je, baba yangu alikuwa na mke huku? Nikazunguka, nikauliza tu kama Kulwa na Doto hawajambo.

Mzee Shija aliacha kutafuna. "Kumbe hamkupata habari? Kulwa alikufa, mayu. Mwaka juzi. Baba yako alimzika kwa mikono yake, akalia kama mtoto. Doto yupo. Yuko Rwamgasa kwa Baba Limi, mwenzake wa asali, analinda duara."

Duara ni shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nikauliza mama yao je. Akasema mama yao aligongwa na lori pale Masumbwe, hao wawili wakiwa bado wananyonya, na baba yangu ndiye aliyewalea kwa maziwa ya ng'ombe mpaka wakasimama. Alisema hayo kwa kumsifu marehemu. Mimi nilikuwa nimeshika paja la kuku, nikalirudisha sahanini.

Ilinichoma kuliko nilivyotegemea. Si habari ya mwanamke, maana hiyo nilikuja nayo kutoka nyumbani. Iliyonichoma ni kwamba baba alikuwa amezika mtoto, akarudi kwetu na ndoo yake ya asali, akatukalia sebuleni, na hakuna hata mmoja wetu aliyempa pole.

Kagongwa hadi Masumbwe

Nilipanda mchomoko, zile gari ndogo ambazo huondoka zikijaa, na kujaa kwake hakuna mwisho. Dereva alipotosheka na idadi yetu alikumbuka kwamba shemeji yake naye anasafiri, tukaenda kumchukua kwake, tukamkuta anaoga. Tulimsubiri. Alipotoka alikuwa na godoro. Nikasafiri hadi Masumbwe godoro likiwa mapajani mwangu na shemeji akiniomba radhi kila tukipita kwenye shimo, mpaka nikamwomba aache.

Mama Limi, mke wa Baba Limi, ana nyumba nyuma ya soko la Masumbwe. Ni Msumbwa, mnene, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake hakitofautishi sana kulala na kurara. Alinikumbatia akalia kwanza, kisha akaleta michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, yamechemshwa na karanga. Baba alikuwa akituletea haya haya na tulikuwa tukiyakataa kwa sababu yanafanana na ngozi. Nilikula mawili kwa heshima, halafu nikala mengine kwa kuwa ni matamu.

Kwake nilikaa siku nzima, maana mvua ilifunga njia. Alinisimulia habari za baba yangu za huko porini. Kwamba asali ikishatolewa mzingani, kabla mtu hajalamba kidole, baba alitenga ile nyeupe ya juu na kusema hii ya Mama Zuhura. Kwamba alikuwa akiwapikia wenzake wote, na akiimba kaswida huku akikoroga ugali, wenzake wengi wakiwa Wakristo wa kanisani kabisa, wakamwitikia. Alijua kutembea bila kukanyaga kijiti. Mama Limi aliniambia wakati mwingine alitokea nyuma ya nyumba bila kusikika, mpaka akamwamuru awe anakohoa.

"Na Doto?" nikauliza.

"Eee, Doto alikuwa roho yake. Hali kama Doto hajala. Usiku wa baridi anamfunika na shuka lake mwenyewe, yeye anatetemeka. Tukamwambia Baba Kulwa, wewe utakufa kwa ajili ya huyu. Anacheka tu."

Halafu, bila mimi kuuliza, akaongeza jambo lililonimaliza. Alisema baba alipokaribia kurudi kwetu alikuwa akifua kila nguo, anajisugua mwili mzima, na akitoka hapo hataki Doto amkaribie hata kidogo. Watu walimcheka kwamba anamwogopa mkewe. Yeye mwenyewe alikubali kwamba anamwogopa.

Nilijisikia vibaya. Mtu anayefua kila nguo kabla ya kurudi kwa mkewe ana la kuficha, na sasa kulikuwa na mashahidi. Nilipanga kichwani namna ya kumwambia mama, nikapanga upya, kila mara nikikwama pale pa shuka. Siku zile sisi tulipokuwa wadogo na ikawa baridi, shuka lake alitufunika sisi. Nilimwonea wivu huyo Doto, na sioni haya kusema.

Nilimnunulia kitenge pale sokoni. Sikujua kama ni mwanamume au mwanamke, maana Doto ni jina la wote, na sikuthubutu kuuliza jambo ambalo dada alipaswa kulijua. Kitenge hakimkatai mtu.

Masumbwe hadi Rwamgasa

Kutoka Masumbwe nilipita Runzewe, nikabadili gari, nikafika Katoro, na kutoka pale nikachukua bodaboda. Njia ilikuwa tope jekundu. Kijana wa bodaboda aliniuliza namtafuta nani. Nikasema namtafuta mtu anayelinda duara la Baba Limi. Akatikisa kichwa kwa huruma. Tulipofika Rwamgasa akaanza kuwatangazia watu, kabla hata sijashuka, kwamba huyu mama anamtafuta mumewe.

Kumbe huko mwanamke mgeni akija na begi moja na uso kama wangu, hana jambo jingine. Nilikanusha, na kukanusha kukawathibitishia. Mama ntilie wawili waliniweka kwenye benchi, wakanipa chai na chapati wakakataa malipo. Mmoja aliniambia nisilie, wa kwake alimpata baada ya kumtafuta katika machimbo matatu, na alipompata akaona alikuwa na raha zaidi kabla hajampata. Mwingine aliniuliza sura yake ikoje. Nikasema simjui sura. Wakatazamana.

Pale kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, haziachi kabisa. Watu wanasemezana kwa kupayuka hata wakiwa wanakula. Nikamkumbuka baba, ambaye angeisikiliza ile ngurumo dakika moja tu na kusema beringi ya pili imekwisha. Vumbi la mawe lilikuwa limemkalia kila mtu, wote wana nyusi nyeupe.

Baba Limi alikuja mwenyewe, amepata habari kwamba kuna mwanamke anatafuta mume kwenye duara lake na amekuja kuona mhalifu ni nani kati ya vijana wake. Ni mtu mfupi wa maneno machache. Nilipojitambulisha alivua kofia. Alisema shimo lilikuwa limeingia maji wiki ya msiba, na hakuweza kuwaacha watu chini, na kwamba tangu siku hiyo halali vizuri. Nikampa pole naye akanipa pole, tukasimama pale tumepeana.

"Baba Limi," nikamwambia, "nimekuja kumwona Doto. Mama ndiye amenituma."

Aliniangalia sana. "Mama yako anamjua Doto?"

"Sasa anamjua."

Akapumua. Akanichukua tukapita katikati ya viroba vya mawe mpaka kwenye rundo la matimba, ile miti ya kushikilia kuta za shimo. Mimi nilikuwa nimeshautoa mfuko wenye kitenge, nimeupanga uso wangu uwe wa dada, si mkali na si laini. Baba Limi akapiga mluzi, akaita, "Doto."

Chini ya matimba akatoka mbwa.

Alikuwa mwekundu, mkubwa, sikio moja limechanika, mwenda polepole kama mzee aliyeamshwa. Akaja moja kwa moja, akaninusa mfuko, akaninusa viatu, kisha akaninusa viganja kwa muda mrefu. Nikaendelea kutazama nyuma yake nikimsubiri Doto.

"Ndiye huyu," akasema Baba Limi. "Ndugu yake nyuki walimmaliza. Aliingiza kichwa kwenye mzinga."

Nilikaa juu ya kiroba cha mawe. Nilicheka kwanza, mpaka wachimbaji wakageuka. Baadaye nikaona aibu kwa yote niliyomdhania, na baada ya aibu nikamkasirikia marehemu, kwa nini asiseme? Nikamuuliza Baba Limi hivyohivyo kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyekufa.

Akaniambia kwamba baba aliwachukua wakiwa wadogo wa kuingia kofiani, mama yao amelala barabarani, akasema atawalea mpaka wafumbue macho vizuri tu. Wakakua, wakawa walinzi wa kambi. Fisi waliacha kuja. Wenzake wakamwita Baba Kulwa kwa kumtania, naye akaitika, na jina likakaa. Lakini nyumbani hakusema, kwa sababu Mama Zuhura ni mtu wa dini, hataki mbwa, na nyumba ya mbwa malaika hawaingii. Basi kila akitaka kurudi alikuwa akishuka mtoni kujitoharisha alipolambwa, mara saba, moja kwa udongo.

"Sisi tunakaa ukingoni tunamhesabia," akasema. "Akifika sita tunamwambia saba tayari, aache. Anasema hapana, ni sita, yule mama ananukia vizuri na mimi nataka kuingia kwake msafi." Akavaa kofia yake. "Maneno ndiyo hayo. Nilidhani alikwishamwambia mwenyewe."

Kitenge nilimpa ampelekee Mama Limi. Doto nilimpa chapati iliyobaki, na alipomaliza akanilamba mkono. Nikasimama nao umening'inia mbali na nguo zangu, sijui niuweke wapi, mpaka Baba Limi akacheka kwa mara ya kwanza na kunionyesha kwenye maji na udongo. Nilihesabu mwenyewe.

Kurudi

Njia ya kurudi haina la kusimulia isipokuwa kwamba magari yote yaliwahi, kwa sababu sasa sikuwa na haraka. Nilikuwa na habari njema, na bado nilikuwa na hofu. Mama yangu mnamjua.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, na kaniki yake ya edani. Sikumzungusha. Nikamwambia hakuna mwanamke, hakuna watoto, Kulwa na Doto ni mbwa, mmoja amekufa. Nikamweleza fisi, nikamweleza mto na udongo, nikamweleza wanaume wazima waliokaa ukingoni kumhesabia. Nilidhani atacheka, mimi mwenyewe nilikuwa nacheka nikisimulia.

Hakucheka. Nikaanza kusikia aibu ya kicheko changu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mbwa wa kulinda hana neno, Zuhura. Anaruhusiwa. Mtoto wa madrasa anajua. Angeniuliza tu."

Nikasema pengine aliogopa.

"Ndiyo. Nimesikia kwamba aliogopa." Akakunja upande wa mkeka, akaukunjua. "Nimemridhia. Nimemridhia tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, Mungu ni shahidi. Lakini yeye alitoka mlangoni pale anasubiri neno moja kwangu nami sikulisema. Sasa mimi radhi yangu nitaiomba kwa nani?"

Alilia, na mimi nililia, na huo ndio ulikuwa msiba wetu hasa, maana siku ile ya kwanza mama hakutoa chozi.

Asubuhi yake aliniambia nimpigie simu Baba Limi. Akaipokea simu, akamsalimia kwa urefu, akauliza mke, akauliza Limi, akauliza mvua na shimo na maji ya shimo. Mimi nilikaa nikisubiri alie tena. Badala yake aliuliza kama Doto ana maradhi yoyote, anakula nini, na kama akifungwa kamba vizuri mabasi ya Katoro yatakubali kumpakia.